Kutoka Makorongo ya Kondoa Hadi Ngoro za Umatengo

Leo nakualika tusafiri. Tutaanzia Kondoa. Tutapita Dodoma na kufika Morogoro, penye milima ya Uluguru. Kisha tutakwenda kusini mpaka Mbinga, mkoani Ruvuma. Ni safari ndefu, lakini nauli yake ni kusoma tu.

Tutafuata njia ya binti mmoja wa kijiji chetu. Binti huyu anasomea kilimo endelevu. Neno hili lisikutishe. Kilimo endelevu ni kilimo kinachotupa chakula leo, bila kuinyima ardhi nguvu ya kuwalisha wajukuu wetu kesho.

Binti alipotaka kwenda chuoni, baba yake alinijia. Aliniuliza, "Bwana Shamba, niuze ng'ombe ili mtoto akajifunze kulima? Kulima si tunajua?"

Swali hili ni la haki. Wazazi wengi wanalo moyoni. Twende pamoja, tulitafutie jibu njiani.

KONDOA: UDONGO UNAOHAMA

Kondoa iko kaskazini mwa mji wa Dodoma, umbali wa kilomita 160 hivi. Siku hizi barabara ni ya lami. Ukifika kwenye vilima vya Irangi utaona udongo mwekundu. Utaona pia makorongo. Korongo ni mfereji mkubwa uliochimbwa na maji ya mvua. Makorongo mengine ni ya kuruka. Mengine nyumba ingeingia nzima, usione hata paa.

Makorongo hayo hayakuchimbwa kwa siku moja. Ardhi ya huko ina mteremko. Miti mingi ilikatwa kwa mashamba na kuni. Mifugo ilikuwa mingi, ikala majani na kukanyaga ardhi mpaka ikabaki tupu. Kiangazi cha Kondoa ni kirefu. Mvua ikija, huja kwa nguvu. Maji yakikuta ardhi tupu, hakuna wa kuyaambia, "Tembeeni polepole." Hukimbia, na udongo huondoka nayo.

Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi ya Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa jina la HADO. Nchi ya Sweden ilisaidia. Makinga maji yalichimbwa na miti ikapandwa. Mwaka 1979 ikaja amri nzito. Mifugo yote iliondolewa katika eneo lililoharibika zaidi. Eneo hilo ni kubwa, zaidi ya kilomita za mraba 1,200.

Majani yalirudi. Vichaka vilirudi. Vilima vilivyokuwa vipara vikavaa nguo. Lakini wazee watakueleza upande wa pili pia. Nyumba nyingi zilikosa maziwa na samadi. Wengine walihama kufuata ng'ombe wao. Baadaye wakulima walianza kufuga ng'ombe wachache bandani, na kuwakatia majani.

Binti yetu alikua akisikia habari hizo. Shamba la baba yake linapakana na korongo. Enzi za babu yake, palikuwa na mkuyu katikati ya shamba. Siku hizi mkuyu huo uko ukingoni mwa korongo, na mizizi yake inaning'inia hewani. Mkuyu haukutembea. Ni shamba lililokwisha.

Siku moja alimwuliza baba yake, "Baba, udongo wetu unakwenda wapi? Nani anaweza kuuzuia?" Baba hakuwa na jibu. Swali hilo ndilo lililompeleka binti chuoni.

NJIA YA CHUO

Watu wengi hudhani mtu hawezi kusoma kilimo mpaka apite kidato cha sita. Sivyo. Kidato cha sita ni mlango mmoja. Upo mlango mwingine, na binti huyu alipita huo.

Alimaliza kidato cha nne na kufaulu masomo ya sayansi, yakiwemo Biolojia na Kemia. Akaomba nafasi katika chuo cha kilimo cha Serikali. Vyuo hivyo viko sehemu mbalimbali. Kipo Ukiriguru mkoani Mwanza, Uyole mkoani Mbeya, Ilonga wilayani Kilosa, Mlingano mkoani Tanga, na Tumbi mkoani Tabora. Viko na vingine.

Kwanza alisomea cheti. Mimi pia nina cheti cha kilimo, na kazi yake naijua. Mwanafunzi wa cheti haketi darasani kutwa. Hupewa eneo lake la kulima. Hujifunza kuandaa kitalu, kutengeneza mboji, kutambua wadudu na magonjwa, na kupima mteremko wa shamba. Viganja huota malengelenge, kisha vikawa vigumu.

Baada ya cheti alisomea stashahada. Alipofaulu vizuri, aliomba nafasi ya shahada katika chuo kikuu. Baba yake aliuza ng'ombe dume kwa ajili ya ada ya miaka ya mwanzo. Chuo kikuu alipata mkopo kutoka Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Mkopo si zawadi. Akianza kazi ataurudisha, ili na wengine wakopeshwe.

MOROGORO: CHUO CHINI YA MLIMA

Alipokwenda chuo kikuu, wazazi waliniomba nimsindikize, maana wao hawajawahi kuvuka Dodoma. Tulipanda basi. Kutoka Dodoma mpaka Morogoro ni kilomita 260 hivi. Tangu mwaka 2024 ipo pia treni ya umeme.

Basi lilipita Gairo, Dumila na Dakawa. Karibu na Dakawa ndipo Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alipofariki katika ajali ya gari, tarehe 12 Aprili 1984. Mwaka huohuo, mwezi wa Julai, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilianzishwa Morogoro na kupewa jina lake. Elimu ya kilimo mahali hapo ilikuwapo kabla ya hapo. Chuo cha kilimo kilianza mwaka 1965. Baadaye kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Ukisimama penye majengo ya chuo, milima ya Uluguru iko mbele ya macho yako. Kilele chake kirefu kimepita mita 2,600. Mara nyingi kimefunikwa na ukungu. Maji ya milima hiyo huingia mto Ruvu, na Ruvu ndio unaowanywesha watu wengi wa Dar es Salaam. Kwa hiyo mkulima wa Uluguru akiharibu ardhi, mtu wa mjini atakunywa tope. Akiitunza, mtu wa mjini atakunywa maji safi, ingawa hamjui aliyemtunzia.

Mlima huo nao ni darasa. Binti alijifunza habari mbili juu yake, nami nataka uzijue.

Habari ya kwanza ni ya miaka ya 1950. Serikali ya kikoloni iliona udongo wa Uluguru unaporomoka. Ikawalazimisha wakulima kuchimba matuta mapana ya ngazi. Kazi ilikuwa nzito mno. Mahali pengi udongo wenye rutuba ulifukiwa chini, na udongo usio na nguvu ukapanda juu. Mavuno yakapungua. Watu walikasirika. Mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo, hata mtu akapoteza maisha. Mpango ule ukafa.

Lakini Waluguru walikuwa na ngazi zao wenyewe. Mkulima hukusanya majani na magugu, huyapanga kukata mteremko, kisha huvuta udongo na kuyafunika. Majani huoza na kuwa mbolea. Ngazi hizo hazikuletwa na amri. Ziliendelea kulimwa hata baada ya mpango wa mkoloni kufa.

Habari ya pili ni ya Mgeta, upande wa magharibi wa milima hiyo. Mgeta ni nchi ya baridi. Watu hulima kabichi, njegere na maharage. Mwezi wa Februari 1970 ilinyesha mvua kubwa kwa saa chache tu. Maporomoko ya udongo yaliyotokea yalizidi 1,000. Wataalamu walipokwenda kuyachunguza, waliona jambo kubwa. Karibu maporomoko yote yalitokea kwenye mashamba na penye nyasi. Penye msitu yalikuwa machache sana. Mizizi ya miti ilikuwa imeushika mlima.

Binti aliandika mambo hayo katika daftari lake. Mafunzo ya vitendo yalipofika, yeye na wenzake walipelekwa kusini, Umatengo.

UMATENGO: MASHIMO MAELFU MLIMANI

Kutoka Morogoro kwenda huko, basi hukata mbuga ya Mikumi. Hupanda mlima Kitonga, hupita Iringa, Makambako na Njombe, kisha hufika Songea. Ni safari ya kutwa. Kutoka Songea kwenda Mbinga bado kilomita 100 hivi. Mimi niliwahi kufika huko kabla ya binti, pamoja na mabwana shamba wenzangu. Kwa hiyo aliyotusimulia aliporudi, nami niliyaona.

Wamatengo wanaishi kwenye milima. Wazee wao husimulia kwamba katika karne ya 19 vita vya Wangoni viliwasukuma huko juu. Watu wengi wakabanana kwenye miteremko mikali yenye mvua nyingi. Hawakuwa na pa kuhamia. Ilibidi walime hapohapo, mwaka hata mwaka, bila kuimaliza ardhi. Hapo ndipo ngoro ilipokomaa.

Ukitazama mlima wa Umatengo kutoka ng'ambo, utadhani umefunikwa kwa sega la nyuki. Ni mashimo, mamia kwa maelfu, yamepangwa vizuri kutoka chini mpaka juu. Kila shimo lina upana wa hatua mbili hivi. Pande zake nne zina matuta. Mashimo hayo ndiyo ngoro.

Sikiliza jinsi ngoro inavyotengenezwa.

Kwanza, karibu na mwezi wa Machi, majani marefu hufyekwa na kuachwa yakauke. Kwa desturi, kazi hii ni ya wanaume.

Pili, majani makavu hupangwa kwa mistari inayokatana. Mistari hiyo huacha vyumba vya pembe nne.

Tatu, wanawake hushika majembe. Huchimba udongo katikati ya kila chumba na kuyafunika majani. Hapo matuta yamepatikana, na katikati pamebaki shimo.

Nne, maharage hupandwa juu ya matuta. Yakivunwa, ardhi hupumzika kidogo. Mwishoni mwa mwaka mahindi hupandwa juu ya matuta yaleyale. Magugu ya palizi hutupwa shimoni, yakaoza humo. Baada ya mavuno ya mahindi, msimu wa maharage ukirudi, ngoro mpya huchimbwa. Pale palipokuwa na tuta lenye majani yaliyooza, ndipo udongo wake husambazwa upya.

Sasa fikiri mvua inaponyesha. Maji hayana njia ya kukimbia. Tone likishuka kwenye tuta, huingia shimoni. Hutulia humo na kuzama polepole. Udongo uliomomonyoka hubaki shimoni, ndani ya shamba la mwenyewe. Hauendi mtoni.

Binti alipokelewa na bibi mmoja shambani kwake. Alimsalimu, "Shikamoo, bibi." Bibi akaitika, "Marahaba, mjukuu wangu." Akalitazama daftari lake akacheka. Akasema, "Umekuja na kalamu. Vizuri. Sasa shika na jembe."

Walichimba mpaka jua likawa kali. Binti akauliza, "Bibi, nani aliwafundisha kupanga hivi?" Bibi akajibu, "Mama yangu. Naye alifundishwa na mama yake. Ukipanga vibaya, mvua itakusahihisha."

Ndugu msomaji, wataalamu wa chuo cha Sokoine na wenzao kutoka Japani walianza kuichunguza ngoro kwa makini katika miaka ya 1990. Walipima udongo na maji. Walikuta kwamba mambo ambayo bibi huyo huyatenda yana sababu zinazoelezeka. Kalamu ilikwenda kujifunza kwa jembe.

Lakini tusiipambe ngoro kuliko ilivyo. Kazi yake ni nzito, na mzigo mkubwa huwaangukia wanawake. Tena watu wameongezeka, na kahawa imechukua maeneo mengi. Mashamba hayapumzishwi kama zamani. Vijana wengine wanaiacha kwa sababu ya ugumu wake. Bibi alilijua hilo. Alimwambia binti, "Nyinyi mliosoma, tafuteni namna ya kupunguza kazi bila kuuachia udongo."

KURUDI NYUMBANI

Binti aliporudi likizo, watu wengi walitaka kumsikia. Alichora ngoro mchangani kwa kijiti. Kijana mmoja akasema, "Basi na sisi tuchimbe ngoro!"

Akajibu, "Hapana. Umatengo mvua ni nyingi na majani ni mengi. Hapa kwetu majani ni haba, na ng'ombe wa bandani anayangoja. Tusichukue shimo lao. Tuchukue akili yao."

Akaitaja akili hiyo kwa maneno matatu. Yazuie maji yasikimbie. Usichome majani, yarudishe udongoni. Chagua njia inayofaa mahali ulipo.

Kisha yeye, baba yake na ndugu zake walitengeneza kipimo cha A. Hata wewe unaweza kukitengeneza. Twaa miti miwili iliyonyooka, yenye urefu wa mita mbili. Ifunge pamoja juu, itanue chini, na ufunge mti wa tatu katikati, kama herufi A. Juu kabisa funga kamba yenye jiwe, ining'inie.

Kisimamishe kipimo chako na uweke alama pale kamba inapogusa mti wa katikati. Kigeuze, miguu ibadilishane mahali palepale, na uweke alama nyingine. Katikati ya alama hizo mbili weka alama kubwa. Kamba ikisimama kwenye alama kubwa, miguu yote miwili iko sawa. Sasa tembea na kipimo kukata mteremko, ukipigilia vigingi. Mstari wa vigingi ndio njia ya kinga maji.

Walichimba mfereji wa upana na kina cha sentimita 60. Udongo waliutupa upande wa juu. Njia hiyo huitwa fanya juu. Juu ya tuta walipanda matete. Matete hushika udongo, na yakikua hukatwa akalishwa ng'ombe wa bandani. Samadi ya ng'ombe hurudi shambani. Kwa hiyo majani yamerudi udongoni, ingawa yamepitia tumboni mwa ng'ombe.

Mvua kubwa ya kwanza ilibomoa tuta mahali pawili. Majirani wengine walicheka. Baba hakucheka. Aliingia mferejini na koleo, akatazama. Maji yalikuwa yamesimama, mekundu kwa udongo. Udongo ambao mwaka uliopita ungeingia korongoni ulikuwa umebaki pale miguuni pake. Akaanza kuziba palipobomoka.

Jioni aliniambia, "Bwana Shamba, kulima tulijua. Kuuzuia udongo hatukujua."

Mkuyu ungali unaning'inia. Kinga maji moja haiwezi kurudisha kilichokwenda kwa miaka 50. Wala shamba moja haliwezi kuliziba korongo la kijiji kizima. Wakulima wa juu wasipochimba, maji yao yatayabomoa matuta ya walio chini. Kazi hii ni ya wote.

NENO KWA WAZAZI NA VIJANA

Mzazi, usimwambie mtoto kwamba kilimo ni kazi ya walioshindwa. Ardhi yetu inachoka, na mvua haziaminiki kama zamani. Zinahitajika akili nzuri shambani kuliko zamani.

Ukiwa na mtoto wa sekondari anayependa kilimo, mhimize katika masomo ya sayansi. Mwone mwalimu mkuu wake, au ofisi ya kilimo ya kata yako. Uliza sifa za kuingia chuo na ada za mwaka huu, maana hubadilika. Uliza mapema, kabla hujauza ng'ombe.

Na wewe mwanafunzi, ukifika chuoni soma kwa bidii. Lakini ukienda shamba la mtu, salimia kwanza. Uliza kwa nini analima hivyo, kabla hujamwambia alime vingine. Matombo iliwahi kutufundisha kwamba tuta la kulazimishwa halidumu. Umatengo inatufundisha kwamba tuta ambalo mwenyewe anajua maana yake hurithiwa na wajukuu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Udongo wa kijiji chenu unakwenda wapi mvua inaponyesha?
2. Wazee wenu walikuwa na njia gani za kuzuia maji? Ni nani bado anazijua?
3. Baada ya mavuno, majani na mabua yenu yanakwenda wapi? Yanachomwa, yanaliwa, au yanarudi udongoni?
4. Ni mteremko gani mngeuanza kwa kipimo cha A? Nani mwenye shamba la juu kabisa? Mwendeeni huyo kwanza.